Kabla hujasahihisha kutoa, msikilize mtoto anavyohesabu

Ninafundisha hesabu madarasa ya chini, na kwenye kutoa kuna kosa moja ninalokutana nalo kila mara. Mtoto anaulizwa 8 − 3. Anakunja vidole: "nane, saba, sita". Anajibu kwa furaha, sita! Mzazi aliyekaa pembeni anadhani mtoto anabahatisha. Habahatishi. Ametaja namba tatu kama alivyotakiwa, ila ameanza na nane yenyewe, kabla hajatoa kitu. Ukimkaripia, au ukimtajia jibu, kesho atarudia vilevile.

Mimi huweka vijiti vinane mezani. Anavihesabu, anasema nane. Anaondoa kimoja kwa mkono wake, ndipo anasema saba. Anaondoa kingine, sita. Cha tatu, tano. Sharti ni moja: namba isitamkwe mpaka kijiti kiondoke. Akizoea, tunahamia kwenye mstari wa namba. Kidole kinakaa juu ya 8, na tunahesabu miruko ya kurudi nyuma. Pale kiliposimama mwanzo hapahesabiwi.

Kutoka vijiti tunakwenda kwenye michoro: anachora viduara, anakata vinavyotolewa. Alama ya − huja baadaye, na naomba wazazi wasiiharakishe. Kitabu cha zamani zaidi kinachojulikana kuchapishwa kikiwa na alama hiyo ni cha Johannes Widmann, cha mwaka 1489 huko Ujerumani, na watu walikuwa wakitoa karne nyingi kabla yake. Mtoto naye anaweza kutoa vizuri sana kabla ya kuijua.

Kuna upande mwingine ambao wengi tunaupita haraka. Si kila hesabu ya kutoa ina kitu kinachoondoka. Dada ana penseli 9, kaka ana 7. Dada amemzidi kaka kwa ngapi? Mtoto aliyefundishwa kuondoa tu hukwama hapa, maana anatafuta penseli zilizochukuliwa na hazioni. Zipange safu mbili, kila penseli ikitazamana na mwenzake. Zile mbili zisizo na mwenza ndizo jibu, na analiona kwa macho yake. Hapo pia mwonyeshe njia ya mkato: aanze 7, apande, nane, tisa. Kurudi nyuma hatua saba kungemchosha bure. Namba zikikaribiana apande. Kinachotolewa kikiwa kidogo arudi nyuma. Mwache achague mwenyewe, na umuulize kwa nini amechagua hivyo.

Jozi zinazofanya 10 azijue kwa moyo. Anayejua 6 na 4 ni 10 hahangaiki na 10 − 6.

Ukifika kwenye makumi, tegemea kuona 42 − 17 ikipewa jibu 35. Ameona 2 haitoshi kutoa 7, akageuza, akatoa 2 kwenye 7. Rudisha vijiti: vitita vinne vya kumikumi na vijiti viwili. Mwambie atoe saba kwenye hivyo viwili. Atakutazama, atasema havitoshi. Subiri. Mara nyingi mtoto mwenyewe ndiye anayeshika kitita kimoja na kukifungua. Sasa ana vitita vitatu na vijiti kumi na viwili; anatoa saba, vinabaki vitano; anatoa kitita kimoja, vinabaki viwili. 25. Kisha ajumlishe 25 na 17 aone kama anarudi 42, bila kukuuliza wewe kama amepata.