Jibu: Niache ugali kabisa?

Ndugu, umeuliza kama uache ugali kabisa ili kitambi kipungue. Mimi niliacha, wiki ya pili nikajikuta jikoni saa tano usiku, nakwangua ukoko wa watoto. Sasa nasonga dona badala ya sembe. Haijakobolewa, nyuzinyuzi zimo, unashiba mapema. Nusu ya sahani naweka matembele au mchicha, pembeni maharage au dagaa.

Ila kilichokuwa kinanimaliza kumbe ni chai! Vijiko 3 vya sukari mara vikombe 4, tayari 12 kwa siku, vitumbua sijahesabu. Wewe anza hapo, ugali utafuata. Kama unatumia dawa za kisukari, muone daktari kabla hujabadili mlo, maana sukari inaweza kushuka ghafla.