Hapo hakuna ndege, alisema mpimaji

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Mambrui, huwaongoza wageni wanaokuja kutazama ndege mdomoni mwa Mto Sabaki. Mtu aliyenunua shamba nyuma ya matuta ya mchanga anataka kuchonga barabara ya gari hadi ufuoni, pamoja na maegesho na vibanda vya vinywaji. Barazani, mpimaji wake alisema pale ni mchanga mtupu, hakuna ndege wa kusumbuliwa. Baba yangu ni mvuvi, naye anaiunga mkono barabara kwa sababu njia yao ya zamani ya kushukia pwani imezibwa kwa ua. Nikisimama kupinga, nitakuwa nampinga mzee wangu mbele za watu. Nifanye nini?

Msomaji, Mambrui

JIBU

Marahaba mwanangu. Kwanza kamuulize huyo mpimaji alifika saa ngapi. Nadhani alikuja maji yamekupwa. Saa hizo ndege wametawanyika kote kwenye matope wakitafuta kaa na minyoo, na mafungu ya mchanga hubaki matupu kweli. Aliyoyaona hayakuwa uongo, ila hayatoshi kuandikia ripoti.

Saa sita baadaye mambo ni mengine kabisa. Pwani yetu maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, hupanda zaidi ya mita 3, matope yote yakafunikwa, na ndege wakawa hawana pa kwenda ila hayo mafungu ya mdomo wa mto. Shakwe, sululu, vitwitwi wa kila aina, wote hujibana pamoja wakielekea upepo, wengine kwa mguu mmoja, wakingoja maji yashuke. Ndege hawa wanahitaji mahali pawili, pa kulia na pa kupumzikia, na magari ya barabara hiyo yangemwagika moja kwa moja pale pa kupumzikia. Baadhi ya vitwitwi hao huzaliana Siberia. Machi na Aprili wanakula kwa bidii kujaza mafuta ya safari mwilini, na kila wanaporushwa kwa fujo wanayachoma mafuta hayo bure. Asiyepata nafasi ya kutulia huondoka mwembamba, na safari ile haina huruma kwa mwembamba.

Mimi nimekulia Mida, kando ya mikoko, na ndege ninayempenda kuliko wote ni yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, Waingereza humwita crab-plover. Huyo huzaliana Oman, Ghuba na pwani ya Somalia, huchimba shimo mchangani na kwa kawaida hutaga yai moja tu. Akija kwetu huja na mtoto, na mtoto huendelea kumfuata mzazi akilia chakula kwa miezi. Ndege wa yai moja akipoteza mahali pa kupumzika, idadi yake haijirudishi upesi. Ndiyo maana nikisikia mtu akisema "mchanga mtupu" moyo wangu huchemka.

Sasa tuje kwa baba yako, maana hapo ndipo penye kazi. Hana kosa. Kuzibiwa njia ya kwenda baharini ni dhuluma, nayo imewapata wavuvi sehemu nyingi za pwani hii. Tena mvuvi anayeshuka na nyavu begani hupita akaenda zake. Ndege humpisha wakarudi. Wanaowafukuza ni magari, pikipiki za magurudumu manne, mbwa wasiofungwa na muziki wa vibanda. Taa za usiku nazo humpoteza kasa anayepanda kutaga. Kwa hiyo wewe na mzee mnaweza kubeba ombi moja: njia ya miguu ya wavuvi ifunguliwe palepale ilipokuwa, iwe pana kiasi cha watu kupishana wamebeba injini ya boti, na barabara ya gari pamoja na maegesho vikome nyuma ya matuta.

Juu ya matuta msilegeze hata kidogo. Tuta likikatwa na mimea inayolishika ikang'olewa, upepo wa kusi huingia kwenye pengo na kulipanua mwaka hadi mwaka. Na kuna kitwitwi mkaazi wa hapa ambaye hutaga juu ya mchanga wazi, akiondoka huyafukia mayai kidogo kwa mchanga. Dereva hawezi kuyaona. Wewe mwenyewe unajua pia kwamba Sabaki hubeba udongo mwingi kutoka bara, na baada ya mafuriko mafungu huhama. Ramani inayoonyesha kijisehemu kimoja cha "eneo la ndege" haitafaa. Ombeni ufuo wote wa mdomo wa mto usiingiwe na magari.

Chagua siku za bamvua, fika saa moja kabla ya maji kujaa, uandike tarehe, saa, fungu gani, ndege gani na wangapi, na kilichowarusha. Mwalikeni mpimaji kwa barua, mumtajie saa ya kufika. A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi pale Watamu, wamefuatilia ndege wa Mida na Sabaki kwa miaka mingi. Waombeni wakusaidie kuhesabu.

Kisheria hamko mikono mitupu. Sheria ya mazingira ya 1999 inadai tathmini ya athari kabla ya miradi ya aina hii, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, inapaswa kupokea maoni ya wananchi. Maneno ya barazani hupotea, basi pelekeni maandishi na mbaki na nakala yenye muhuri. Leseni ikitoka nanyi hamkuridhika, kuna baraza la rufaa za mazingira, na siku ni 60 tu. Tena Ibara ya 70 ya Katiba ya 2010 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara.

Barua iandikwe kwa jina la BMU, chama cha wavuvi cha kusimamia ufuo, na sahihi ya baba yako iwe ya kwanza, yako chini yake. Rasimu ikiwa tayari nitumie niisome. Usichelewe, muda wa maoni hutangazwa gazetini na wengi huupata ukiwa umekwisha.