Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe

Juzi usiku dada mmoja aliniandikia: "Mwanangu kanywa mafuta ya taa, nimempa maziwa akatapika, sasa anacheza. Kuna haja ya kwenda hospitali?" Nilimjibu neno moja tu: nenda. Usingizi ukanipaa.

Mimi wangu nilimtapisha kwa mkono wangu. Alikuwa na miaka 2, na mafuta nilikuwa nimeyatia mwenyewe kwenye chupa ya maji. Nikamwingiza kidole kooni nikiamini namwokoa. Alipaliwa, macho yakamtoka, kisha akatulia. Nikamshukuru Mungu.

Baada ya saa 4 pua zilikuwa zikitanuka kila akivuta hewa, na nyama za katikati ya mbavu zikibonyea ndani. Pumzi yake ilinuka mafuta.

Daktari alinieleza kwamba mafuta mepesi hivi yakibaki tumboni mara nyingi hayaleti balaa. Balaa ni yakiingia mapafuni, na kumtapisha mtoto ni kuyapa nafasi ya pili ya kuingia. Kiasi kidogo tu huharibu ule ute unaozuia vifuko vya hewa visinywee. Vikinywea, oksijeni haipiti. Picha ya kwanza ya kifua ilitoka safi. Ya kesho yake ilikuwa nyeupe pande zote mbili.

Akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Nililia nikidai dawa, antibiotiki, steroidi (dawa za kupunguza uvimbe), chochote. Daktari akasema hakuna dawa ya kuyatoa mafuta yale, na hata homa aliyokuwa nayo ilitokana na mapafu kuungua, si vijidudu. Kazi yao ni kumpumulia mpaka mapafu yapone yenyewe. Nilimchukia kwa maneno hayo. Siku ya tatu walimlaza kifudifudi, nami nikakodolea macho namba ya oksijeni ya damu yake, kwa asilimia: 84, 86, 86, 91. Wiki ya pili tulirudi nyumbani.

Wazazi wenzangu, nawasihi. Msimtapishe. Msimpe maziwa, wala mkaa. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi kwa maji na sabuni, mkimbilie hospitali. Akikohoa au akipaliwa hata mara moja, hospitali. Hata asiyekohoa apimwe na kuangaliwa saa 6 hadi 8, maana kucheza si dalili ya kupona. Na mafuta yasikae kamwe kwenye chupa ya kinywaji. Jamani, msimtapishe.

Alfajiri yule dada aliandika tena. Wamefika, mtoto ameanza kuhema haraka, amewekewa oksijeni.