Mwanangu, kuhusu lile swali lako la al-Qaeda

Mwanangu,

Wa alaikum salaam. Ujumbe wako niliusoma juzi baada ya Isha, usingizi ukaruka. Unauliza: Osama bin Laden, kiongozi wa al-Qaeda, aliuawa 2011, mbona jina lake bado linaua watu Somalia na Mali? Na yule rafiki yako anayekutumia video anaposema jihadi ya hawa watu ni faradhi, amekosea wapi?

Nianze na hilo la pili, maana ndilo linaloniuma. Madrasa ulisoma kwamba ipo fardhi kifaya, wakiitimiza baadhi wengine hawana lawama, na ipo fardhi ain, inayomkaa kila mtu shingoni. Abdullah Azzam, Mpalestina aliyekusanya wapiganaji Peshawar miaka ya 80, alihubiri kuwa vita vya Afghanistan dhidi ya Warusi ni fardhi ain. Bin Laden alikuwa naye, na 1988 likazaliwa kundi la al-Qaeda. Februari 1998 yeye na Ayman al-Zawahiri wakatoa tamko: kuua Wamarekani na washirika wao, askari kwa raia, ni fardhi ain. Raia, mwanangu! Na hawa hawakuwa mamufti. Mmoja mtoto wa tajiri wa ujenzi, mwingine daktari wa upasuaji.

Miezi sita haikutimia. Ijumaa ya 7 Agosti nilikuwa Nairobi, dukani kwa ami yako. Ulianza mlio mdogo, watu wa maofisini wakakimbilia madirishani kuchungulia, ndipo ukaja ule mkubwa, bomu la al-Qaeda kwenye ubalozi wa Marekani. Vioo viliwaingia machoni. Nilimshika mkono mama mmoja kumpeleka kwenye pikapu, naye akawa ananiomba nimtafutie miwani yake. Fremu ilikuwa bado usoni.

Nairobi walikufa 213, Wamarekani wakiwa 12. Dar es Salaam, kwenye ubalozi wao wa huko asubuhi hiyohiyo, 11. Makarani, wanafunzi wa uhazili, abiria wa basi, na Waislamu wenzetu wamo. Huyo ndiye "adui wa mbali", kama walivyoiita Marekani, waliyemwendea.

Kwa nini hawamaliziki? Kwa sababu wanaazimisha jina. Al-Shabaab, wapiganaji wa Somalia, walipata nguvu kwa hasira ya Wasomali baada ya majeshi ya Ethiopia kuingia 2006. Kiapo cha utii kwa al-Zawahiri, aliyeshika uongozi wa al-Qaeda baada ya bin Laden, kikaja 2012. Mwaka 2017 makundi ya Mali nayo yakaungana chini ya bendera hiyo. Kila mahali pana kidonda cha wenyeji, ardhi, malisho, askari wanaonyanyasa, wao wanakitia lile tamko la 1998. Al-Zawahiri aliuawa Kabul 2022 na vita havikusita hata siku moja.

Unakumbuka lile basi la Mandera, Desemba 2015? Al-Shabaab waliwaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo, wakakataa. Kina mama waliwapa wenzao mitandio wajifunike. Hao nao walisoma madrasa.

Rafiki yako mwambie anieleze kosa la yule mama wa miwani. Nipigie Ijumaa baada ya swala, mama yako naye anataka kukusikia.

Baba yako