Kazi za sinagogi msimu wa sikukuu za Wayahudi: jibu kwa mnaouliza kutoka nyumbani

Kila ikikaribia Septemba maswali yanakuja yaleyale: "Tumesikia huko New York na New Jersey masinagogi yanatafuta watu wakati wa sikukuu zao. Ni kweli? Mkristo au Mwislamu anakubalika? Pesa ipo? Na ni kweli hawagusi hata swichi ya taa?"

Ni kweli, unakubalika, pesa ipo ila ni ya wiki tatu tu, na swichi hawagusi. Tunaandika zaidi juu ya masinagogi ya Waothodoksi (si wale Wakristo, ni Wayahudi wanaoshika sheria kwa ukali), kwa sababu huko ndiko masharti yalipo mengi na ndiko mgeni anakoharibu kazi siku ya kwanza bila kujua. Kwenye sinagogi la Reform, Wayahudi waliolegeza masharti, utakuta kipaza sauti, magari yamejaa maegeshoni, na hata ogani inapigwa. Usichukue uliyoyaona mahali pamoja ukayahamishia pengine.

Kwanza kalenda. Miezi yao hufuata mwandamo kama ya Kiislamu, lakini katika kila miaka 19 wanaongeza mwezi mara saba, kwa hiyo sikukuu hizi hazizunguki mwaka mzima kama Ramadhani. Daima ni Septemba na Oktoba. Siku huanza jua linapozama. Kwa mwaka 2026, Rosh Hashanah, yaani mwaka mpya wa 5787, inaingia Ijumaa jioni tarehe 11 Septemba na kuendelea Jumamosi na Jumapili. Yom Kippur, ile Siku ya Upatanisho mnayoisoma katika Mambo ya Walawi, inaanza Jumapili jioni tarehe 20 na kumalizika Jumatatu usiku. Sukkot, Sikukuu ya Vibanda, inaingia Ijumaa jioni tarehe 25, na Simchat Torah, Furaha ya Torati, inafunga msimu Jumapili tarehe 4 Oktoba.

Tarehe hizo zina maana mfukoni mwenu. Mlioko huku tayari na mnaofanya kazi za saa kwenye maduka na maghala ya Wayahudi mnajua kwamba sikukuu ikiingia, mlango unafungwa. Mwaka 2025 Rosh Hashanah iliangukia Jumanne na Jumatano, na Sukkot nayo Jumanne na Jumatano, hivyo siku za kazi zilizopotea zilikuwa nyingi. Mwaka 2026 sikukuu kubwa karibu zote zinaangukia Jumamosi na Jumapili. Siku ya katikati ya wiki inayofungwa kabisa ni Jumatatu ya Yom Kippur, ingawa ndani ya wiki ya Sukkot wengi hupunguza saa au hufunga wiki nzima. Muulize mwajiri mwezi Agosti, kabla ya kupanga kodi na pesa ya kutuma nyumbani: siku hizi tunalipwa au hatulipwi? Wengi wetu huuliza wakati mlango umeshafungwa.

Kazi zenyewe ni za aina nne: usafi na kupanga ukumbi, jikoni, kulea watoto wakati wazazi wanasali, na ulinzi. Ya ulinzi msiifikirie mkiwa hamna karatasi. Jimbo la New York linataka mafunzo ya saa 8 kabla ya kuanza, na kusajiliwa na jimbo. Na mwenye viza ya mwanafunzi, hata kazi ya kupanga viti nje ya chuo bila kibali inaweza kukuharibia viza. Hakuna sikukuu inayofaa kukugharimu hayo.

Ukumbi. Rosh Hashanah na Yom Kippur huleta watu ambao mwaka mzima hawaonekani, kwa hiyo ukuta wa kukunja kati ya sala na ukumbi wa sherehe unafunguliwa na viti vinaongezwa. Katika masinagogi mengi nafasi hulipiwa na kila kiti kina jina. Ukihamisha kiti kimoja ili upitishe ufagio, umezua ugomvi wa familia mbili asubuhi ya mwaka mpya. Piga picha ya mpangilio kabla hujaanza, maana sikukuu ikiingia simu haitolewi. Pazia au ukuta mdogo unaotenganisha wanaume na wanawake hausogezwi hata kidogo. Vitabu vya sala vya kila siku vinaondolewa na vya sikukuu vinawekwa. Havikai sakafuni. Karatasi chakavu yenye maandiko haitupwi kwenye taka, ina sanduku lake na baadaye huzikwa. Waliokulia kwenye nyumba yenye msahafu hawahitaji kufundishwa jambo hili.

Sasa umeme, ambao ndio mnaouliza zaidi. Siku ya Sabato na ya sikukuu hawawashi wala hawazimi. Taa na viyoyozi vinategemea taima zilizowekwa mapema. Kosa linalotokea mara kwa mara ni taima kuwekwa kwa Sabato peke yake wakati sikukuu ni ya siku mbili, na usiku wa pili watu mia kadhaa wanabaki gizani. Hapo hutaambiwa "washa taa", kwa sababu hawaruhusiwi kumwamuru mtu mwingine awafanyie walichokatazwa. Utasikia mtu akisema tu kwamba humu ndani hakuonekani vizuri. Hata hivyo usianze kubahatisha maana ya maneno. Alhamisi, au Ijumaa asubuhi, kaa na msimamizi wa jengo akupe orodha iliyoandikwa: swichi zipi uguse, saa ngapi, na zipi usiguse hata nani aseme nini.

Vyooni utaona karatasi ya gundi juu ya kihisi cha taa, na balbu ya ndani ya friji imelegezwa. Si uharibifu, usirekebishe. Utaona pia karatasi za chooni zimewekwa zile za kuchomoa kwenye boksi badala ya roli la kuchana, kwa kuwa kuchana kumekatazwa. Mfanyakazi wa zamu ya usiku akiingia na moyo wa bidii, akarudisha maroli ya kawaida na kubandua gundi zote, asubuhi watu wazima watashindwa kwenda haja kwa utulivu. Jaza maboksi ya ziada kabla jua halijazama.

Jikoni ndiko penye hatari kubwa ya hasara. Vyombo vya nyama na vya maziwa havikutani, wala sinki, wala sponji. Mara nyingi alama nyekundu ni ya nyama, bluu ni ya maziwa, kijani ni ya visivyo upande wowote, lakini thibitisha rangi za jikoni hilo. Sponji moja ikikosea sinki, msimamizi wa kosher, yaani sheria zao za chakula, anaweza kusimamisha kazi mpaka rabi aulizwe. Usiingize chakula chako mwenyewe, hata ndizi na chapati ulizopika kwa usafi wote. Jiko huwashwa na Myahudi, kisha wewe unapika. Mayai yanavunjwa moja moja kwenye glasi kuangaliwa kama yana damu, na mboga za majani zinakaguliwa wadudu jani kwa jani, kazi inayokula saa nyingi kuliko mnavyodhani. Kuhusu mvinyo, soma chupa. Ikiandikwa *mevushal*, maana yake umechemshwa na unaweza kuumimina. Isipoandikwa hivyo na imeshafunguliwa, usiishike, kwa sababu mvinyo huo ukimiminwa na asiye Myahudi hawaunywi tena. Wanaweza wasikwambie chochote, wakaumwaga kimya kimya, na wewe usiitwe mwaka unaofuata.

Siku ya sikukuu ya kawaida wanaruhusiwa kupika kwa moto uliokwisha kuwaka, lakini Sabato hawaruhusiwi. Kwa kuwa mwaka 2026 siku ya kwanza ya Rosh Hashanah ni Sabato, chakula cha Jumamosi kinakaa kwenye joto tangu Ijumaa, na meza za usiku wa Jumamosi hazipangwi mpaka giza liingie. Jipange kwa saa moja ya mbio usiku huo. Sababu hiyohiyo ya Sabato inafanya ile pembe ya kondoo dume, shofari, isipigwe Jumamosi kwa Waothodoksi. Itapigwa Jumapili, kwa desturi iliyoenea milio 100, na wakati huo hakuna kufagia, hakuna kusukuma kigari cha vyombo, hakuna mlango wa kugonga. Simama ulipo.

Yom Kippur ni mfungo wa saa 25 hivi, bila chakula wala maji, na hakuna daku: usiku nao umo ndani ya mfungo. Hawaogi, hawavai viatu vya ngozi, na wanaume wengi huvaa kanzu nyeupe juu ya nguo zao. Usishangae kumwona mzee mwenye suti nzuri amevaa raba za turubai. Wewe hukatazwi kula, ila kula mahali utakapoonyeshwa, mbali na watu, na usitembee na kikombe cha kahawa koridoni. Mchana wa saa nane na saa tisa ndipo watu huzimia, hasa wazee na waliozoea kahawa. Ujue daktari wa zamu anakaa wapi, viti vya magurudumu viko wapi, na lifti ipi imeachwa ikisimama yenyewe kila ghorofa. Mtu akianguka, piga namba ya dharura mara moja bila kuuliza ruhusa ya sikukuu. Kuokoa roho kunatangua makatazo hayo yote, na wao wenyewe watakwambia hivyo.

Hili ni muhimu zaidi kwenu mnaotunza wazee majumbani, na ni wengi kutoka Kenya, Uganda na Kongo. Mzee atakataa dawa na maji. Usimlazimishe na usimwachie. Wiki moja kabla, omba familia impigie daktari, kisha rabi. Mara nyingi rabi hutoa ruhusa ya kula na kunywa kwa vipimo vidogo, takriban mililita 30 za chakula au mililita 40 za maji kila mara, kwa kuachana dakika 9 hivi. Mwenye hatari ya kweli huambiwa ale kama kawaida. Taka maelekezo hayo kwa maandishi kutoka kwa familia na uyaweke kwenye daftari la mgonjwa. Bila karatasi, mgonjwa akidhoofika lawama zitakuja kwako.

Baada ya Yom Kippur kuna siku nne tu, nazo ni za vibanda. Sukkah, yaani kibanda chenyewe, inahitaji kuta mbili kamili na angalau sehemu ya ukuta wa tatu, na paa la kitu kilichoota ardhini na kukatwa: matawi, mianzi, mikeka iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Mtu wa pwani aliyewahi kuezeka makuti ataielewa kazi hii haraka kuliko fundi wa hapa. Lakini hapa hamtaki paa lisilovuja. Kivuli kizidi jua, na mvua ipite. Kibanda hakisimamishwi chini ya mti wala chini ya kibaraza cha ghorofa ya juu. Mkeka wa mianzi usifungwe kwa waya. Kuta za turubai zinazopepea ni tatizo la sheria na la usalama pia, kwa hiyo zikaze, na pale unapoona mikanda myembamba imezungushwa sehemu ya chini ya ukuta usiitoe, hiyo ndiyo inayohesabika kuwa ukuta. Fungia nguzo kwenye uzio au uzito wa mchanga, maana upepo wa Oktoba hubeba kibanda kizima. Balbu zisikae karibu na mianzi mikavu wala mapambo ya karatasi. Turubai la mvua linafunikwa juu wakati hawali, na likibaki pale wakati wa chakula kibanda hakifai, hivyo mpatane mapema nani atalikunja. Asali ikimwagika mezani, nyigu watafika kabla ya wageni.

Utakabidhiwa pia kupokea maboksi ya mimea ya aina nne ya sikukuu hii: kuti changa la mtende lisilofunguka, matawi matatu ya mhadasi, mawili ya mierebi, na tunda moja la etrogi la jamii ya malimau. Etrogi likidondoka na ile ncha yake ndogo ikavunjika, tunda lililonunuliwa kwa pesa nyingi linaweza kuwa halifai. Mierebi hukauka kwa siku chache, iweke kwenye unyevu ndani ya friji. Ijumaa tarehe 2 Oktoba watapiga matawi ya mierebi sakafuni, na majani yataingia kila ufa wa zulia. Panga watu wawili na mashine ya kufyonza, na mmalize kabla ya Sabato kuingia.

Simchat Torah ni furaha ya kweli. Magombo yote ya Torati yanatolewa, wanazunguka nayo mara saba wakiimba na kucheza mpaka usiku mwingi. Vinywaji vikali vipo, peremende za watoto zipo, na mtoto anayekimbia na pipi ya kijiti mdomoni ndiye wa kuangaliwa. Sakafu ikilowa, ifute papo hapo: anayecheza amebeba gombo zito, na gombo likianguka ni msiba kwa jumuiya nzima, wengine hufunga kwa ajili yake. Usijitolee kulishika.

Juu ya ulinzi tuwe wazi. Pittsburgh mwaka 2018 watu 11 waliuawa ndani ya sinagogi. Halle, Ujerumani, siku ya Yom Kippur 2019, mlango uliofungwa vizuri ndio uliookoa waliokuwa ndani. Manchester, Yom Kippur 2025, waumini wawili walikufa katika shambulio. Basi mlango wa nyuma hauwekewi jiwe ili upitishe taka, hata kwa dakika moja. Nawe utasimamishwa na kuulizwa, na kwa ngozi yetu pengine mara mbili. Hakikisha jina lako liko kwenye orodha na kitambulisho kiko mfukoni. Kwa upande mwingine, usimwone mtu mweusi mlangoni ukamkabidhi ufagio: wapo Wayahudi wa Ethiopia, wapo Abayudaya, Wayahudi wa Mbale nchini Uganda, na Nairobi kwenyewe kuna sinagogi pale Uhuru Highway na University Way.

Mkono usiposhikwa na mtu wa jinsia nyingine, si dharau. Hakuna atakayekubatiza wala kukuomba ubadili dini, hawana desturi hiyo. Sema "shana tova" mwaka mpya, "gmar hatima tova" kuelekea Yom Kippur, "hag sameah" wakati wa vibanda.

Malipo: pesa haishikwi na karatasi haisainiwi siku takatifu. Andika saa zako mwenyewe nyumbani, na mpatane kabla ya Ijumaa tarehe 11 kama utalipwa kila wiki au mwisho. Usitegemee kiwango cha saa kipite cha kazi nyingine za usafi au jikoni, kinachozidi ni wingi wa saa. Jumatatu tarehe 5 Oktoba vibanda vinaanza kubomolewa na viti vya ziada vinarudi stoo, na hiyo ndiyo zamu ya mwisho. Mwombe msimamizi wiki hiyohiyo akuandikie barua ya sifa, kabla hajaanza kusahau majina.