Kwa Nini Simwamshi Pono

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Paka wako akilala mchana kutwa, unamwamsha au unamwacha?" Mimi namwacha. Na mtoto yeyote anayeingia chumbani mwangu namwambia amwache vilevile. Zamani sikuwa hivyo, ndiyo maana nimeona nijibu kwa kirefu.

Mimi ni fundi cherehani, mkaazi wa Pumwani. Nashonea nyumbani, sare za shule zaidi, na kanzu Idi ikikaribia. Chini ya meza ya cherehani pana kapu la vipande vya vitambaa, na humo ndimo anamolala paka wangu, dume la rangi ya majivu lenye kifua cheupe. Jina la Pono alipewa na marehemu bibi yangu, mzaliwa wa Lamu. Watu wa pwani wanajua: mtu akilala fofofo husemwa amelala usingizi wa pono, yule samaki wa mwambani. Bibi alimtazama kile kitoto cha paka siku mbili tu, akasema huyu hana jina jingine.

Kitoto cha paka kinaweza kulala saa 20 kati ya 24. Paka mzima hulala kati ya saa 12 na 16, na akizeeka usingizi humzidia tena. Hayo sikuyajua wakati ule. Nilichokiona ni panya wakipita juu ya dari, na paka niliyemchukua kwa ajili ya hao panya amelala chini ya miguu yangu saa tano ya asubuhi. Nilikuwa namwinua kapuni na kumtoa uani. "Nenda katafute panya!" Naye angesimama pale mlangoni akipepesa macho, kisha arudi ndani kwa upande mwingine wa pazia.

Kumbe kazi yake alikuwa anaifanya mimi nikiwa nimelala. Paka huwinda kwa kuvizia: hutulia kimya muda mrefu, halafu huruka mara moja kwa nguvu zake zote. Wakati wake ni ule wa mwanga hafifu, alfajiri na magharibi. Amerithi kwa paka pori wa Afrika, ambaye mpaka leo yumo katika mbuga zetu za Kenya. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani duniani wametokana na paka pori wa jamii hiyo waliokuwa Mashariki ya Kati. Sisi wa Nairobi tuko karibu kabisa na ikweta, jua letu huchomoza na kuzama saa kumi na mbili na dakika kadhaa, mwaka mzima. Kwa hiyo na saa ya Pono haibadiliki. Adhana ya alfajiri ikisikika, yeye yuko dirishani tayari. Magharibi ikiingia, hayupo kapuni. Katikati ya hapo ni usingizi, na ni usingizi wa halali.

Sasa niseme nilichokiona mwenyewe, kwa sababu mtu anayeketi kwenye cherehani kutwa ana nafasi ya kumtazama paka ambayo wengi hawana.

Usingizi wake si mmoja. Mwanzoni hulala na kichwa kikiwa juu, miguu ya mbele ameikunja chini ya kifua, macho amefumba. Ukimwona utasema amezama. Lakini yatazame masikio. Mlango wa jirani ukilia, sikio moja linageukia huko, peke yake, bila kichwa kusogea. Cherehani yangu inanguruma shubiri chache juu yake na haimshtui, maana ameizoea; ila nikigusa kopo la omena, hata kwa ukucha, jicho linafunguka. Hapo yuko mlangoni mwa usingizi tu, anachuja sauti. Robo saa, pengine nusu saa, anakaa hivyo.

Kisha kichwa kinaanza kushuka. Hiki ndicho kitu ninachopenda kukitazama kuliko vyote. Kidevu kinagusa kitambaa, shingo inalegea, mwili unamwagika ubavuni kama unga uliopasuka mfuko. Masikio yanaacha kugeuka. Baada ya muda kidogo sharubu zinaanza kutetemeka, vidole vya mguu mmoja vinakunjuka na kukunjika, mboni zinakwenda huku na huku chini ya kope, na mara nyingine kinywa kinatoa sauti ndogo ile ile anayoitoa akimwona ndege kwenye waya wa stima. Huwa dakika tano au sita hivi, halafu anajigeuza, anarudi kwenye usingizi mwepesi, au anaamka na kujilamba.

Daktari mmoja wa Ufaransa, Michel Jouvet, aliuchunguza usingizi huu wa paka mjini Lyon. Aligundua kwamba katika dakika hizo ubongo wa paka unafanya kazi karibu kama wa aliye macho, ilhali misuli ya shingo imelegea kabisa. Mwaka 1959 akaupa jina la usingizi kinzani. Alionyesha pia kwamba kuna sehemu chini ya ubongo ambayo kazi yake ni kuifunga misuli ili mwili usifuate ndoto. Paka walioharibiwa sehemu hiyo walikuwa wakiinuka katikati ya usingizi, wananyata, wanakipiga kwa kucha kitu ambacho hakipo. Sikufurahia kusoma habari za paka kufanyiwa hivyo, na sitaki kujifanya nilifurahia. Lakini tangu nisome, kila vidole vya Pono vikikunjuka najua kuna kitu anakivizia mahali nisipopaona.

Na ndiyo sababu ya kutomgusa wakati huo. Binti yangu akiwa na miaka saba alimshika tumboni kwa ghafla akiwa katika usingizi ule. Paka aliruka kabla hajajua aliyemshika ni nani, na mkono wa mtoto ukapasuka mistari mitatu. Tuliuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, na nilishukuru kwamba Pono alikuwa amechanjwa kichaa cha mbwa. Binti alilia zaidi kwa kudhani paka amemchukia. Nilimweleza: hata wewe ukivutwa mguu ukiwa ndotoni, unapiga teke kwanza ndipo unauliza.

Hata hivyo kuna kulala ambako si kulala, na hapa naomba wasomaji wenzangu mnisikilize sana.

Ilikuwa Julai mwaka jana, ile baridi yetu ya mawingu ambayo hata saa sita mchana hujui kama jua lipo. Julai paka wote hulala zaidi. Joto la mwili wao ni digrii 38 hadi 39, juu kidogo ya letu, na wakiwa katika usingizi wa ndoto mwili hauwezi kujirekebisha joto vizuri, ndiyo maana hujikunja duara na kufunika pua kwa mkia. Basi Pono alipolala siku nzima sikushangaa. Siku ya pili jirani yangu, mama mtu mzima mwenye paka watatu, aliniambia, "Mwache, mwanangu, na baridi hii nani hatalala?"

Lakini hakuwa amejikunja duara. Hakuwa hata kapuni. Alikuwa chini ya kitanda, juu ya saruji baridi, amejikusanya, mgongo umeinuka, macho nusu wazi, na kichwa hakishuki. Saa nzima nilimtazama na kichwa hakikushuka. Nikachukua kopo la omena nikalitikisa. Sikio halikugeuka.

Nilimfunika kwa kitenge nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Alimfunua mdomo, na fizi zilikuwa nyeupe kama chaki. Alikuwa amekula panya aliyelishwa sumu. Sumu ya aina ile huzuia mwili kutumia vitamini K, damu ikashindwa kuganda, na mnyama huvuja ndani kwa ndani. Dalili huchelewa siku kadhaa, kwa hiyo mtu haunganishi panya wa Jumatatu na paka wa Alhamisi. Alidungwa sindano, kisha nikampa tembe za vitamini hiyo karibu mwezi mzima. Alipona. Aliyeweka sumu kwenye ploti sikumtafuta; nilichoomba ni kwamba siku nyingine atakayeweka atuambie, tufungie wanyama wetu ndani.

Jambo jingine. Usiku ule kabla ya kwenda, mtu wa karibu yangu alinishauri nimpe nusu ya Panadol. Kwa bahati sikuwa nayo. Daktari aliniambia dawa hiyo ni sumu kwa paka. Ini lake haliwezi kuivunja kama letu, na tembe moja inatosha kumuua. Tafadhali, hata kama paka wako anaungua kwa homa, usimpe.

Kwa hiyo, mhariri, namwacha alale, lakini simwachi bila kumtazama. Nataka kuona masikio yakigeuka, kichwa kikishuka, vidole vikikunjuka. Akikosa kula siku nzima, au akihamia mahali asipolala kawaida, simngojei aamke mwenyewe. Nasimama mbali kidogo, namwita jina, na asipoitika nalitikisa kopo. Ndiyo maana silitikisi ovyo, na watoto nimewakataza kulichezea. Kila likilia, lazima Pono akute omena ndani.