Mpira wa mlango wa friji: uutazame kabla hujalipia gesi

SWALI: Salaam aleikum, fundi. Friji yangu ni ya mlango mmoja, ile yenye freza ndogo ndani, na ina miaka saba. Siku hizi mota hainyamazi usiku kucha, freza inajaa barafu mpaka kifuniko chake hakifungi, na mlango unatoka jasho. Tokeni zinakwisha mbio. Fundi wa mtaani amesema gesi imeisha, lakini mimi naona mpira wa mlango umepasuka upande wa bawaba. Naweza kuubadilisha mwenyewe? Tena juzi stima ilipokatika na kurudi papo hapo, friji ikawa inalia "ta!" kila baada ya dakika chache bila kuwaka, mpaka ikapita saa nzima. – Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Gesi usiilipie kwanza.

Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya mtungi wa kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa kila upande, na friji yaweza kuzeeka nayo ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, basi pana tundu. Na dalili zake si hizi zako: barafu hushika kipembe kimoja tu cha freza, kwingine pakavu, na nyama haigandi. Wewe una barafu tele. Barafu hiyo ni unyevu wa hewa yetu ya pwani, unapenya penye ufa wa mpira, ukikutana na baridi unaganda. Joto nalo linaingia humo humo, ndiyo maana mota haipati nafasi ya kupumzika.

Mama mmoja wa Mji wa Kale aliniita akiwa ameshajaziwa gesi mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Tuliwasha tochi ya simu, tukaiweka ndani ya friji, tukafunga mlango na kuzima taa za jikoni. Mstari wa mwanga ukajitokeza upande wa bawaba, mrefu kama kiganja. Pesa zake zilikuwa zimekwenda bure, na iliniuma, kwa sababu kuchunguza hivyo hakuhitaji hata bisibisi. Fanya nawe leo usiku. Kisha chukua kipande cha karatasi, kibane mlangoni, ukivute. Mpira mzima hukishika. Palipolegea kinateleza chenyewe. Zunguka mlango wote, pembe zote nne.

Kabla ya kununua mpya, usafishe wa sasa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, hasa ndani ya mikunjo. Tui na sharubati zikimwagika humo hunata, mpira ukashikana na fremu, na kila ukivuta mlango unachanika kidogo kidogo. Mara nyingine uchafu tu ndio unaouzuia kukaa. Wako umeshapasuka, kwa hiyo nenda duka la spea ukiwa na namba ya modeli, iliyo kwenye kibandiko ndani ya friji, mara nyingi karibu na droo ya mboga. Usiende na makisio ya macho. Ukipungua hata kidogo, pembe hazitafika.

Kazi yenyewe unaiweza. Chomoa plagi. Inua ukingo wa mpira uone umeshikwa na nini: mwingine umechomekwa kwenye mfereji, mwingine umebanwa na skurubu zilizojificha chini ya mkunjo. Wa skurubu, legeza tu, usizitoe zote kwa pamoja, maana ndizo zinazoshika pia bitana la plastiki la mlango, na mlango unaweza kupinda. Mpira mpya huja umekunjwa kwenye karatasi ya nailoni. Uloweke kwenye beseni la maji ya moto, si ya kuchemka, mpaka ulainike na mikunjo inyooke, halafu uufute. Anza na pembe za juu, kisha za chini, ndipo umalizie pande. Ukianza katikati, utafika pembeni umebaki na mpira wa ziada usio na pa kwenda. Upande wa bawaba upake mafuta ya mgando kidogo usijikunje mlango unapofungwa. Uache siku nzima ukae, kisha rudia karatasi. Miguu ya mbele iwe juu kidogo kuliko ya nyuma, mlango ujifunge wenyewe.

Barafu iache iyeyuke yenyewe, mlango wazi, tambara chini. Naomba sana, usiichokoe kwa kisu. Kuta za freza kama yako ni bati jembamba la alumini na gesi inapita ndani yake. Ncha ikitoboa, hapo ndipo utakapoihitaji gesi kweli.

Ule mlio wa "ta!" ni kinga ya mota inayokata umeme mota inaposhindwa kuanza. Stima ikirudi haraka, presha ndani ya mabomba bado haijalingana, na mota haina nguvu ya kuisukuma. Stima ikikatika, chomoa, usubiri dakika tano au zaidi ndipo uchomeke. Kama italia hata baada ya kungoja, shuku rilei, kile kidude kilichochomekwa ubavuni mwa mota chini ya kifuniko cha plastiki. Ukikitikisa kikasikika kama kina changarawe, kimevunjika ndani. Ni spea ya bei nafuu, ila fundi wa umeme aibadilishe, aweke ya aina ile ile, na atazame kama chumvi ya bahari imekula ncha za nyaya.

Kuhusu mabomba, usiyaguse. Tazama kibandiko cha mota: kikiandikwa R600a, au kikiwa na pembetatu ya njano yenye alama ya moto, gesi yake inashika moto, na hakuna anayestahili kuwasha kichomeleo karibu nayo kabla haijatolewa na jikoni kufunguliwa madirisha. Ukibadilisha mpira na freza bado haigandi, mwite fundi na umtake kwanza akuonyeshe tundu liko wapi. Akishaliziba, aweke draya mpya, kile kichujio kidogo cha bombani kinachonyonya unyevu, na avute hewa yote kwa pampu ndipo ajaze, kwa kupima gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko.